Jina Juu ya Jiwe

Kitabu cha Mwanzo kinatumia sura nzima, ya 23, kueleza jinsi kaburi moja lilivyonunuliwa. Sara amefariki, na Abrahamu anasimama mbele ya Wahiti akiomba mahali pa kumzika. Mwandishi hana haraka. Anamtaja mwuzaji, Efroni. Anataja bei, shekeli 400 za fedha. Anataja pango la Makpela, shamba, miti iliyomo, mipaka yake, na watu waliokuwa langoni wakishuhudia. Ukiisoma kwa macho ya karani, sura hiyo ni hati ya kiwanja. Ukiisoma kwa macho ya imani, unakuta humo mambo yote ambayo kumbukumbu nzuri ya mazishi inapaswa kuwa nayo: ni nani, ni wapi, na nani alishuhudia.

Wayahudi hawajauacha utaratibu huo. Katika makala hii nataka tuzipime kumbukumbu zao za makaburi, ambazo leo watu wengi duniani huzitumia kutafuta koo zao. Tuzipime kama tunavyopima kitabu au mahubiri: zinasema nini, zinasema vizuri kiasi gani, na wapi zinanyamaza. Mtwara hatuna makaburi ya Wayahudi, lakini swali lenyewe tunalo. Washarika wenye asili ya Newala, Masasi, Tandahimba na ng'ambo ya Ruvuma huja ofisini kuuliza habari za babu au bibi aliyezikwa zamani, na mara nyingi mchungaji hana ukurasa wa kuwafungulia.

Kwa Wayahudi kazi ya mazishi hushikwa na chama cha hiari ndani ya jumuiya, kiitwacho hevra kadisha, maana yake "chama kitakatifu". Wanachama wake huosha maiti, huivisha sanda nyeupe isiyo na mapambo, na huzika mapema. Huduma hiyo huitwa fadhili za kweli, kwa sababu marehemu hawezi kuilipa. Chama hicho ndicho kilichokuwa na desturi ya kutunza kitabu cha mazishi. Hapa kwetu Afrika Mashariki jumuiya ya Wayahudi wa Nairobi ilianza mwaka 1904, na ina makaburi yake jijini humo. Siku hizi shirika la JewishGen limekusanya maandishi ya mawe na vitabu kutoka nchi nyingi, likayaweka katika orodha moja kwenye intaneti yenye mamilioni ya majina, na mtu wa Mtwara anaweza kuipekua kwa simu yake.

Jiwe lenyewe lina ufasaha wa maneno machache. Juu kuna herufi mbili za Kiebrania zinazosema "hapa amezikwa". Kisha jina la marehemu na jina la baba yake, halafu tarehe. Chini kuna herufi tano, kifupisho cha ombi lililotokana na maneno ya Abigaili kwa Daudi katika 1 Samweli 25:29, kwamba nafsi ya marehemu ifungwe katika furushi la uhai. Mikono miwili iliyoinuliwa kwa baraka huonyesha kwamba aliyelala hapo ni wa ukoo wa makuhani, uzao wa Haruni. Birika la maji huonyesha Mlawi, kwa kuwa Walawi huwamiminia makuhani maji ya kunawa mikono kabla ya kubariki.

Uzuri wa maandishi hayo kwa mtafuta ukoo ni kwamba jiwe moja hutoa vizazi viwili. Ukilipata la baba, unapata jina la babu. Unapanda hivyo hatua kwa hatua, kama mtu anayepanda mnazi kwa vidato.

Tarehe huwasumbua wasomaji wengi, ingawa mtu wa pwani ana faida hapa. Sisi tunajua kwamba usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza jua la Alhamisi linapozama. Siku ya Wayahudi nayo huanza magharibi. Mtu aliyefariki Alhamisi saa 2 usiku ataandikwa jiweni kwa tarehe ya Ijumaa, wakati cheti cha serikali kitasema Alhamisi. Vyote viwili ni kweli. Tena mawe mengi huacha elfu 5 ya mwanzo wa mwaka. Ukikuta 698, ni mwaka 5698. Ongeza 1240 kwenye 698, utapata 1938. Lakini mwaka wao huanza Septemba au Oktoba, kwa hiyo aliyefariki katika miezi ya mwanzo ya mwaka huo alifariki 1937.

Hadi hapo nasifu. Sasa tuangalie mahali ambapo jiwe linanyamaza.

Kwanza ni mama. Katika sheria ya marabi, mtu ni Myahudi kwa kuzaliwa na mama Myahudi, na wanapomwombea mgonjwa humtaja kwa jina la mama yake. Hata hivyo jiwe kwa desturi humtaja baba peke yake. Yule aliyempa marehemu nafasi yake katika watu wa Mungu hayumo katika maandishi. Wamakonde na Wamakua, ambao kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, wataona upungufu huo mara moja. Kwa mtoto wa Newala, jiwe lenye jina la baba tu lingemwonyesha nusu ya njia, tena nusu isiyo ya ukoo wake.

Pili ni majina. Mwanamume anaweza kuwa Yehuda jiweni na Leo katika karatasi za serikali, kwa sababu Leo maana yake ni simba, na Yakobo alimfananisha Yuda na simba katika Mwanzo 49. Asiyejua uhusiano huo atadhani ni watu wawili. Kwetu hali ni ileile. Mzee mmoja ana jina la utotoni, jina alilotoka nalo jandoni, na jina la ubatizo. Kanisani tunaandika la tatu. Kijijini wanamkumbuka kwa la pili.

Tatu, na hapa ndipo ninapoona jambo zito kuliko yote, ni mwongofu. Mtu anayeingia dini ya Kiyahudi hupewa jina la Kiebrania, na mahali pa jina la baba huandikwa Abrahamu. Jiwe lake litasema "mwana wa Abrahamu". Mtafuta ukoo anayekwenda kumsaka huyo Abrahamu katika vitabu vya mji hatampata, kwa sababu mzee huyo alizikwa Makpela. Tunao ndugu wa namna hiyo jirani zetu. Abayudaya wa Mbale, Uganda, walianza mwaka 1919 wakimfuata Semei Kakungulu, na waliingia kwa kuyasoma Maandiko. Rekodi ya damu inakwama hapo, na Mkristo aliyesoma Warumi 4 anaelewa kwa nini. Sisi nasi tunaitwa watoto wa Abrahamu kwa njia ya imani, na hakuna daftari la hospitali linaloweza kulithibitisha hilo.

Kuna pia wasio na jiwe kabisa. Wayahudi milioni sita waliouawa na utawala wa Hitler wengi wao hawakuzikwa kaburini penye jina. Taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu iliundwa kwa sheria mwaka 1953, na jina lake limetoka Isaya 56:5, ambapo Mungu anawaahidi wasio na watoto ukumbusho na jina ndani ya nyumba yake. Huko ndugu na majirani hujaza karatasi ya ushuhuda kwa kila aliyepotea: jina, wazazi, mji, kazi. Karatasi hiyo inasimama mahali pa jiwe.

Kusini mwa Tanzania tunawajua wafu wa namna hiyo. Mwaka 1917 vita vya Waingereza na Wajerumani vilipita hapa kwetu. Oktoba walipigana Mahiwa, karibu na Nyangao, na Novemba jeshi la Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wale ambao jina lao limebaki katika neno Kariakoo. Walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Maofisa wa Kizungu walipewa kila mmoja jiwe lake. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume hiyo ilikuwa imeanzishwa kwa kanuni kwamba wafu wote ni sawa. Kanuni ilikuwa nzuri, lakini karani hakutumwa kwenye makambi ya wapagazi kuuliza majina.

Baada ya hayo tungetaka kusema kwamba dawa ni kuandika tu, tuandike kila mtu. Maandiko yanatutahadharisha. Katika Ezra 2 wapo makuhani waliorudi kutoka Babeli wakatafuta majina yao katika orodha ya nasaba. Hayakuonekana, wakaondolewa katika ukuhani. Orodha inaweza kumtoa mtu nje.

Na sisi Walutheri hatuwezi kulisoma jambo hili kama wageni. Mwaka 1543 Luther aliandika kitabu cha chuki dhidi ya Wayahudi, maneno ambayo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani liliyakataa hadharani mwaka 1994. Tangu 1933 watumishi wa serikali ya Ujerumani, na baadaye wengine wengi, walitakiwa kuonyesha vyeti vya ubatizo vya babu na bibi zao ili ijulikane kama wana damu ya Kiyahudi. Vyeti hivyo vilikuwa wapi? Makanisani. Mwishoni mwa 1936 ilifunguliwa Berlin ofisi ya vitabu vya kanisa chini ya Mchungaji Karl Themel. Makarani wake walipekua vitabu vya ubatizo vya sharika za mji huo, wakatengeneza kadi za Wayahudi waliobatizwa, na habari zao zikapelekwa kwa dola. Vitabu vilivyoandikwa ili kushuhudia kwamba mtu amepokelewa katika mwili wa Kristo vilitumika kumtoa mikononi mwa kanisa na kumkabidhi kwa watesi wake. Wino ulikuwa uleule, na mwandiko ulikuwa safi. Kilichokuwa kimeharibika ni moyo wa aliyefungua kitabu.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya kumbukumbu za mazishi za Wayahudi ni hii. Zinaaminika kwa sababu waliozianzisha hawakuwa wakitafuta sifa ya ukoo. Walikuwa wakimtendea maiti fadhili asizoweza kulipa, na uandishi ulikuwa sehemu ya fadhili hizo. Mjukuu anayefaidika leo anakula tunda la mti ambao hakupandiwa yeye. Mapungufu yake, yaani mama asiyetajwa, jina la pili lililoachwa, tarehe inayopishana, yanarekebishika kwa kulinganisha jiwe, kitabu na cheti.

Sisi tuna kazi ya nyumbani. Katika sharika nyingi kitabu cha ubatizo hushikwa kwa heshima, na kitabu cha mazishi hujazwa mtu akikumbuka. Misalaba ya mbao huliwa na mchwa, na ya chuma huliwa na chumvi ya bahari kabla mtoto wa marehemu hajaoa. Nawaomba wazee wa kanisa katika kila mtaa waandike, siku ileile ya mazishi, majina yote ya marehemu, la ubatizo, la jando au unyago, na la nyumbani. Jina la baba na jina la mama. Mahali pa kaburi kwa alama isiyohama. Na jina la aliyetoa habari. Waandike pia mtoto mchanga aliyefariki kabla ya kubatizwa, na mgeni aliyekutwa bandarini asiye na ndugu. Kitabu kisitolewe kwa anayetaka kujua nani si wetu.

Kumbukumbu la Torati 34 linasema hakuna ajuaye kaburi la Musa hata leo. Mungu mwenyewe ndiye aliyemzika, na Mungu anajua ni wapi. Hilo ndilo tumaini la wapagazi wa Mahiwa na la kila bibi ambaye ukurasa wake hatuna. Mjane atakayekuja ofisini Jumatatu ijayo kuuliza habari za mumewe, yeye tunaweza kumwandikia sasa.