Moto Ulitokea Wapi? Uhakiki wa Mabomba Mawili ya Moshi

Juu ya meza yangu ya kusomea, katika chumba ninachopanga Kamwokya, kuna bodaboda mbili. Kila moja ina urefu wa sentimita 17. Zote zimetengenezwa kwa makopo na nyaya, na magurudumu yamekatwa kutoka kwenye ndara chakavu. Moja nimeitengeneza mimi. Nyingine ni ya fundi wa kuchomelea ambaye kibanda chake kiko hatua chache kutoka ninapoishi, unaposhuka kwenda sokoni. Katika maonyesho madogo tuliyoandaa darasani kwa ajili ya Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, niliziweka pamoja. Yangu ilisifiwa sana. Neno lililorudiwa na wenzangu, na hata na mhadhiri mmoja, lilikuwa "halisi". Ya fundi ilipigwa picha mara moja mbili, kisha ikaachwa.

Makala haya yanaipinga sifa ile. Naihakiki kazi yangu mwenyewe, na kipimo changu ni sehemu moja tu ya pikipiki: bomba la moshi. Nimelichagua kwa sababu ndilo lililoshangiliwa. Nilikuwa nimelipaka rangi za chuma kilichopata joto: manjano, kahawia, zambarau na bluu, zikifuatana kutoka kwenye injini hadi kwenye ncha ya sailensa. Liling'aa vizuri. Tatizo ni kwamba lilikuwa la uongo.

Kwanza tuone rangi hizi zinatoka wapi, maana bila hilo hatuna kipimo. Hazipakwi na mtu. Chuma cha kawaida kilichosuguliwa kikang'aa, kikipata joto hewani, hujifunika utando mwembamba sana wa oksidi. Mwanga unaoupiga utando huo hurudi kwa njia mbili: sehemu yake kutoka juu ya utando, sehemu nyingine kutoka kwenye chuma kilicho chini yake. Miale hiyo ikikutana, baadhi ya rangi hufifishana na nyingine hutiana nguvu. Jambo kama hilo ndilo linaloifanya dizeli iliyomwagika kwenye dimbwi la barabarani ionyeshe rangi ambazo haikuwa nazo ndani ya pipa. Joto likipanda, utando hunenepa na rangi hubadilika. Karibu na nyuzi 220 za Selsiasi chuma huwa na manjano hafifu kama nyasi kavu. Karibu na 255 huwa kahawia, karibu na 280 zambarau, karibu na 300 bluu. Kikizidi hapo bluu hufifia na kuingia kijivu. Chuma kisichoshika kutu hufuata mpangilio unaofanana na huo, ila huhitaji joto zaidi.

Kwa hiyo rangi hizi zina sarufi. Bluu hukaa karibu na chanzo cha moto na manjano hukaa mbali nacho, na katikati yake lazima upite zambarau na kahawia. Huwezi kuruka. Mtu akisema "kitabu yangu" sisi wa darasa la Kiswahili hugeuka mara moja, kwa sababu sikio limekwaruzwa. Mhunzi naye hukwaruzwa jicho. Akitaka kuifanya tindo iwe na makali yasiyovunjika, huipasha moto na kuizimisha majini ili iwe ngumu, huisugua ing'ae, kisha huipasha tena polepole akiangalia rangi zikitembea kuelekea kwenye makali. Zikifika anapotaka, huizimisha. Kwake rangi ni habari. Inamwambia kitu ambacho mkono hauwezi kukigusa.

Sasa tuje kwenye kazi yangu. Mbinu niliyotumia ni ya watengenezaji wa vielelezo vidogo wa nchi za mbali, niliyojifunza kwa kutazama video. Kanuni yake ya msingi ni sahihi: kwa kuwa utando wa oksidi unapenyeza mwanga, rangi za kuuiga lazima nazo zipenyeze mwanga. Unaanza na fedha inayong'aa, kisha unapaka manjano kwenye eneo pana, kahawia juu ya sehemu ya manjano, zambarau juu ya sehemu ya kahawia, na bluu mwishoni kwenye eneo dogo kabisa. Ukitumia rangi nzito inayofunika, chuma kinakufa na kinabaki kibao kilichopakwa. Wenye uwezo hununua rangi za aina hiyo za kampuni kama Tamiya ya Japani na kuzipuliza kwa kifaa chenye mdomo mwembamba. Mimi nilitumia wino wa kalamu zisizofutika nilioulainisha kwa spiriti, na rangi ya kucha isiyo na rangi ili kuufunika. Kwa upande wa mkono sijilaumu. Michirizi haionekani, na rangi zinaingiliana taratibu.

Aliyeniharibia furaha ni fundi. Nilimpelekea pikipiki kabla ya maonyesho, nikitaka anisifu. Aliishika, akaigeuza, akaisogeza karibu na macho. Mzee huyu alijifunzia kazi Gikomba, Nairobi, na ndiyo maana tunazungumza Kiswahili katika mtaa ambao wengi huongea Kiganda.

"Bomba hili umelichomea wapi, mwanangu?"

"Sijalichoma, Mzee. Nimelipaka."

"Naona umelipaka. Nakuuliza moto wake ulitokea wapi."

Sikuwa na jibu, na hilo swali ndilo uhakiki wote. Nikilifuata, naona makosa matatu.

Kosa la kwanza ni la mpangilio. Karibu na injini nilianza vizuri, lakini kwa kupenda bluu niliirudia kwenye kona ya bomba, na tena kwenye ncha ya sailensa, kama pindo la kanga. Ili hilo litokee, pikipiki ingehitaji mioto mitatu. Kosa la pili ni la umbo. Mistari yangu imelizunguka bomba sawasawa kama pete, ilhali joto la kweli halina usawa huo. Mahali bomba linaposhikwa na kishikio, joto hukimbilia kwenye fremu. Upande unaopigwa na upepo hupoa kuliko upande uliojificha. Kosa la tatu ndilo kubwa: rangi hizi huonekana kwenye chuma kilicho wazi, lakini mabomba ya Bajaj Boxer na TVS ninazozipanda kila wiki yamepakwa rangi nyeusi. Yakizeeka hayawi bluu. Weusi hupauka kuwa kijivu, hubanduka, na kutu huingia. Juu yake hukaa tope jekundu la mvua na vumbi la kiangazi. Nilikuwa nimeichukua pikipiki ya mashindano yenye bomba la chuma kisichoshika kutu, nikaivisha kiti cha abiria na kuibandika jina "Boda ya Kamwokya".

Hapa kuna jambo lisilo la kiufundi ambalo linanihusu mwilini. Kwenye shavu la mguu wangu wa kulia nina alama ya ukubwa wa kijiko. Nilikuwa na miaka tisa. Tuliambiwa siku zote tupandie bodaboda upande wa kushoto kwa sababu bomba liko kulia, lakini siku hiyo nilikuwa na haraka nikashukia upande usiofaa. Bomba lililonichoma lilikuwa jeusi, limetulia, na kinga yake ilikuwa imeng'oka. Halikuwa na rangi yoyote ya kunionya. Ngozi huungua kwa nyuzi zisizofika hata 100, na manjano ya kwanza ya chuma huja baada ya 200. Tena rangi hizo hubaki hata chuma kikishapoa. Zinaonyesha joto lililopita, wala hazisemi lolote kuhusu lililopo sasa. Wapo wengi katika jiji hili wenye alama kama yangu. Bomba langu la kupendeza linamwambia mtazamaji kwamba kitu cha moto hujitangaza. Miguu yetu inajua kwamba sivyo.

Tuitazame sasa kazi ya fundi. Nilidhani atanishinda kirahisi, kwa sababu yeye ana moto wa kweli. Hata yeye alidhani hivyo. Alikata kipande cha mrija mwembamba wa chuma, akakisugua kwa msasa, akakipitisha kwenye ndimi za gesi. Rangi zilikuja zote, kwa mpangilio usio na kosa, kwa sababu maumbile hayakosei sarufi yake. Lakini kipande kilikuwa kidogo mno. Joto lilikienea chote kwa mara moja, na mstari wa bluu peke yake ukachukua theluthi ya bomba. Moto ulikuwa halisi, picha haikuwa. Alikitazama, akacheka, akachukua msasa akafuta kila kitu.

Kisha akafanya alilolijua. Alilipaka bomba nyeusi, akaipausha karibu na injini kwa majivu aliyoyachanganya na gundi. Akaweka kutu kwenye mkunjo wa chini, mahali maji yanapotuama. Kinga ya bomba hakuiweka, aliacha matundu mawili ya skrubu. Katikati ya sailensa akaweka kiraka: mstari mfupi wa vinundu vya risasi ya kulehemu, mfano wa mshono wa kuchomelea. Kuuzunguka mshono huo alikwangua weusi mpaka fedha ikatokea, akaniomba wino wangu, na hapo tu, hapo peke yake, akaweka bluu, ukingo wa zambarau, na manjano kidogo nje yake.

Ndiyo rangi yote iliyomo. Lakini fuata swali lake mwenyewe: moto ulitokea wapi? Ulitokea kwenye mshono. Kwa nini chuma kiko wazi? Kwa sababu huwezi kuchomelea juu ya rangi, lazima kwanza upitishe grinda. Kwa nini bado ni bluu wala hakijashika kutu? Kwa sababu kazi imefanyika juzi, mvua haijanyesha. Kwa nini hakikupakwa tena? Kwa sababu mwenye pikipiki hakungoja, alirudi barabarani kutafuta hela ya siku. Tunafundishwa kutenganisha fani na maudhui ili tuweze kuyajadili, kisha kuyarudisha pamoja. Katika upana usiozidi ukucha wa kidole kidogo, fundi ameyarudisha.

Sisemi kazi yake haina dosari. Kwa urefu wa sentimita 17, pikipiki hizi ni kama sehemu moja ya 12 ya zile za kweli. Ukanda wake wa rangi una milimita 5 kila upande wa mshono. Kwenye sailensa halisi hiyo ingekuwa sentimita 6, na hakuna kiraka kidogo kama kile kinachoacha alama pana hivyo. Jicho lake limezoea kazi kubwa, na mkono wake haukupunguza vya kutosha. Magurudumu nayo ni safi mno kwa pikipiki yenye bomba kama lile. Lakini hayo ni makosa ya kipimo, na yanarekebishika kwa brashi ndogo. Kosa langu lilikuwa la chanzo, na brashi haitibu chanzo.

Rafiki yangu mmoja aliyesoma rasimu ya makala haya alinipinga. Alisema sanaa si picha ya paspoti, na kwamba nikitaka bomba la rangi ya upinde wa mvua ni haki yangu. Nakubali. Kama ningeiita "Pikipiki ya Ndoto", tungejadili mambo mengine. Hata kwenye bomba la titani la pikipiki ya mashindano bluu ile ni ya kweli kabisa. Lakini jina nililolibandika lilikuwa dai, na waliosifu walisifu dai hilo. Tunapoisoma *Kuli* ya Shafi Adam Shafi hatuiiti ya kihalisia kwa kuwa tu ina bandari na makuli. Mgomo wake una sababu, na sababu hizo tunaziona zikijengeka katika maisha ya watu kabla hawajagoma. Rangi ya joto kwenye pikipiki ya bati inastahili kudaiwa vivyo hivyo.

Ninaloliogopa ni kwamba tuliita bomba langu halisi kwa sababu lilifanana na picha tulizokwisha kuziona kwenye simu. La fundi lilifanana na kitu tunachokipita kila asubuhi tukienda chuoni kwa Barabara ya Kira, na kwa kuwa tunakipita hatukuwa tumekiangalia. Mhakiki anayepima uhalisia kwa picha ya mahali pengine atayakosa yaliyo chini ya miguu yake, na atawafundisha wanaomfuata kuyakosa pia. Nami nilikuwa nao siku ile, nikipokea pongezi.

Wiki iliyopita nililifuta bomba langu kwa spiriti. Wino ulitoka wote kwa pamba mbili. Fedha iliyobaki bado sijaipaka. Kwanza nataka kuketi kibandani kwa mzee jioni chache, nitazame mabomba yanayoletwa kutengenezwa, na kwa kila doa nijiulize swali alilonifunza.