Upendeleo Unaotangulia Tathmini: Maporomoko ya Mgeta ya 1970 na Njia za Uchapishaji wa Kitaaluma

Uhakiki wa upendeleo katika majarida ya kitaaluma aghalabu huishia kwa mhariri anayembeba mwenzake, au mtathmini anayeitambua kalamu ya rafiki yake. Sehemu hii inadai kwamba upo upendeleo unaoutangulia huo: uamuzi wa lugha ya kuandikia na wa nani atakayesoma. Mfano wake ni Mgeta, magharibi mwa Milima ya Uluguru.

Mnamo Februari 1970, mvua kubwa ilisababisha maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000 katika eneo hilo. P. H. Temple na A. Rapp waliyachunguza, na matokeo yakachapishwa mwaka 1972 katika Geografiska Annaler, jarida la Sweden. Walibaini kwamba maporomoko mengi mno yalitokea mashambani na malishoni. Msituni yalikuwa machache sana. Hakuna sababu ya kuwashuku waandishi, kwani kazi yao ilikuwa ya uangalifu na ilitokana na ushirikiano wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala. Hata hivyo, matokeo yaliyomhusu kwanza mkulima wa mteremkoni yaliandikwa kwa Kiingereza, ilhali Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya kufundishia katika shule za msingi nchini.

Yawezekana kujibiwa kwamba jarida la sayansi si la mkulima, na kwamba bwana shamba atamfikishia ujumbe. Jibu hilo linamfanya mkulima kuwa mpokeaji tu. Historia ya Uluguru inalikanusha. Mwaka 1955 Waluguru waliyakataa matuta ya ngazi yaliyoamriwa na serikali ya kikoloni. Moja ya sababu ni kwamba uchimbaji wake uliuleta juu udongo usio na rutuba. Pingamizi hilo lilikuwa tathmini ya kitaalamu, ingawa halikupitia kwa mhariri yeyote.

Kuandika kwa Kiswahili pekee hakutaponya yote. Katika uwanja wenye wataalamu wachache, jina lililofichwa hutambulika upesi, na ujamaa wa kitaaluma hupata mwanya. Lakini upendeleo wa aina hiyo huonekana, hivyo huweza kupingwa. Ule wa lugha hauonekani kwa sababu aliyetengwa hajui kwamba ametengwa. Kwa hiyo, watahini wa tasnifu zihusuzo Mgeta wanapaswa kuuliza, pamoja na hadhi ya jarida, iwapo waliochunguzwa wamepewa nafasi ya kuyasoma matokeo na kuyapinga.