Kiganja Ukutani

Kila Juni, mavuno yakishaingia ghalani na kusi ikianza kukausha njia za Nachingwea, bibi yangu alikuwa akiizunguka nyumba yake polepole, kiganja kimegusa ukuta, kama mama anayempima mtoto homa. Alikuwa akitafuta nyufa. Akiuona ufa anauingiza ukucha. Ukucha ukizama, anapaweka alama ya mkaa. Sisi wajukuu tulitumwa kichuguuni na madebe.

Methali ya kuziba ufa watu huitumia siku hizi kwa malezi, kwa siasa, kwa madeni ya benki. Kwa bibi yalikuwa maelezo ya kazi. Ufa wa Juni ukiachwa, mvua za Desemba zinaingia humo, zinaubebesha ukuta maji, fito zinaanza kuoza, na kufikia Machi pembe nzima ya chumba imekaa chini.

Udongo wa kichuguu ndio ulioheshimiwa, kwa sababu mchwa wameshausaga na kuushikamanisha kabla ya binadamu kuugusa. Tuliukanda kwa miguu, ukamwagiwa maji, ukalazwa usiku kucha. Asubuhi bibi anafinyanga kibonge, anakidondosha kutoka usawa wa kiuno. Kikisambaratika, udongo una mchanga mno. Kikijibandika chini kama ugali mbichi, una mfinyanzi mno na utapasuka ukikauka. Kinachotakiwa ni kile kinachotua na kupasuka vipande vichache vikubwa. Sijawahi kumwona akipima kwa kitu kingine chochote, na sikumbuki siku aliyokosea.

Chini ya udongo huo kuna mifupa ambayo mpita njia haioni. Nguzo za pembeni zilikuwa za mpingo, maana kiini chake cheusi mchwa hawakiwezi. Fito zilikuwa za mianzi, zimefungwa kwa kamba za magome ya miti ya miombo, na kamba hizo zilifungwa zingali mbichi ili zikikauka zikaze zenyewe. Kukandika, yaani kujaza udongo kati ya fito, ilikuwa kazi ya wanaume, watu wawili, mmoja nje na mmoja ndani, wakibandika matonge yakutane katikati. Kusiriba kulikuwa kwa wanawake, na hapo ndipo ufundi ulipoonyesha sura ya mtu. Mkono unateleza kutoka kushoto kwenda kulia, unaacha nusu duara. Nusu duara inayofuata inaifunika ya kwanza kidogo, kama magamba ya samaki. Shangazi yangu alikuwa na mkono mpana na wa haraka. Bibi alikuwa na nusu duara ndogo, za karibukaribu. Hata leo ningeonyeshwa kuta mbili hizo bila kuambiwa, ningejua upi ni wa nani.

Halafu kuna upenu. Paa la nyasi lilishuka hadi mtu mzima aliinama kuingia, na maji ya mvua yalianguka mbali, nje ya baraza iliyozunguka nyumba. Nimekuja kuamini kwamba upenu ndio akili kubwa kuliko zote katika nyumba ya udongo. Ukuta haukuombwa ushindane na mvua, uliepushwa nayo.

Mwaka mmoja bei ya korosho ilikuwa nzuri. Mimi na kaka yangu tukamletea bibi zawadi: tulimwita fundi, tukapiga lipu ya saruji ukuta mzima wa mbele, tukaondoa nyasi na kuezeka bati, na kwa kubana matumizi tukaukata upenu mfupi. Nyumba iling'aa. Majirani walikuja kutupongeza. Bibi alishukuru, akagusa ukuta kama kawaida yake, akasema, "Wajukuu zangu, mmeuziba pua."

Msimu wa pili wa mvua ulimthibitisha. Udongo hupokea unyevu na kuuachia jua likitoka; saruji hairuhusu hivyo. Maji yaliyoingia kwa chini na kupitia nyufa ndogo za lipu yalikwama nyuma yake, udongo ukalainika, na asubuhi moja bamba kubwa likadondoka barazani, limebeba udongo wa ndani pamoja nalo. Fito zilibaki wazi. Nilisimama pale nikaona aibu ya mtu aliyempenda mzee wake bila kumsikiliza.

Baadaye nilikuta kosa letu limefanywa pwani pia, kwenye majumba yenye hadhi kubwa zaidi. Kuta za kale za Mji Mkongwe wa Unguja ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nazo zinataka kupumua vilevile. Ukizivika saruji zinafungia chumvi na unyevu ndani. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafariki. Jumba kama lile lina maradhi mengi kwa pamoja. Lakini kila fundi wa chokaa anayezeeka bila mwanafunzi ni tabibu aliyepungua. Kusini kwetu, Mikindani, boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilifufuliwa na sasa wageni wanalala humo. Nilifurahi kuliona. Nilitamani pia mtu aje bara kidogo, aone ukuta wa bibi.

Maana Nachingwea imepokea mengi makubwa. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza Tanganyika mwaka 1947 uliifanya kituo chake kikuu cha kusini. Matrekta yakaja, reli ikajengwa, mradi ukafutwa mwaka 1951, reli nayo ikafungwa mwaka 1962 na kung'olewa. Wakaja FRELIMO, wapiganaji wa Samora Machel wakafunzwa hapa, hadi Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Jirani zetu Ruangwa sasa wana lami, wana uwanja wa mpira ambao Namungo wamechezea Ligi Kuu, wana machimbo. Nyumba za tofali zinapanda kila mwezi. Siwalaumu wenye nazo. Nyasi nzuri za kuezekea zimekuwa adimu, bati linakinga maji safi ya kunywa, na hakuna anayekumbuka kwa mapenzi usiku wa kuhamisha vitanda kwa sababu ya kuvuja.

Ninachokitaka ni kidogo: anayebaki na ukuta wa udongo asiambiwe ana nyumba ya muda. Aweke bati, lakini upenu uwe mrefu. Asiribe kwa udongo. Na mabinti wanaotoka unyagoni, ambao nyumbani kwetu kuta zilisiribwa upya kwa ajili ya ngoma yao, washikishwe tonge.

Bibi hayupo. Sisi tulibandua saruji iliyobaki, shangazi akatuongoza kukandika upya, na bati tukaliongeza kwa mbele dhiraa mbili. Juni iliyopita binti yangu alizunguka nyumba na kipande cha mkaa mkononi. Nyuma, juu ya dirisha la jikoni, saruji haikufika. Pale nusu duara ndogo za karibukaribu bado zipo. Kando yake kulikuwa na ufa. Aliuingiza ukucha, ukazama, akaweka alama, kisha akaniuliza kama akisiriba pale atazifuta zile za bibi. Shangazi alikwishachovya mkono kwenye maji. "Anzia hapa pembeni," alimwambia, "uje nazo taratibu."