"Dongola": Hotuba Zipungue, Halima Asikike

Jamani waandishi wenzangu, tusidanganyane: hotuba zikizidi, riwaya huzama. Nimeyaona hayo katika "Dongola" (1993) ya Idris Ali, Mnubi wa Misri, niliyoisoma kwa tafsiri ya Kiingereza.

Uchungu wake una sababu. Wanubi waliishi kandokando ya Nile, kwenye ukanda mwembamba wa mitende na mashamba, jangwa huku, jangwa huku. Bwawa la Aswan lilipokamilika 1902, maji yakaanza kumeza ardhi yao. Likaongezwa kimo 1912, tena 1933. Kisha likaja Bwawa Kuu. Mnamo 1963 na 1964, Wanubi wa Misri wapatao 50,000 walihamishiwa Kom Ombo. Mahekalu ya Abu Simbel yalikatwa vipande vipande yakapandishwa juu. Nyumba za watu zikaachiwa maji.

Basi shujaa wake, Awad Shalali, hachoki kuuota ufalme wa kale wa Dongola. Mwanzoni nilisisimka. Baadaye nikajiona kama niko kwenye mkutano wa hadhara.

Lakini anapomgeukia Halima, mke aliyeachwa kijijini amtunze mkwe wake kipofu, mume kaenda zake ng'ambo, kitabu kinapumua. Mwanamke huyu mmoja alinieleza bonde limepoteza nini, kuliko tarehe zote.

Mimi nina mswada wangu uvunguni, umejaa hotuba tupu. Usiku ule niliutoa, nikaanza kufuta. Iliuma, lakini kumbe chini yake kulikuwa na mtu.

Na wewe je, Halima wako yuko wapi?