Kuuza wimbo moja kwa moja: kwa nani?

Siku hizi, vijana wetu wasanii hapa Kampala wakikaa kwenye mafunzo, wanaambiwa: toa dalali, uza muziki wako moja kwa moja. Neno ni tamu. Lakini tuliangalie vizuri, maana mara nyingi dalali haondoki, anabadilisha shati tu.

Mfano mkubwa ni Eagles, bendi ya roki ya Marekani. Mwaka 2007 walitoa albamu yao Long Road Out of Eden bila kupitia kampuni kubwa ya rekodi kule kwao. Waliipeleka Walmart, na kwa muda maduka mengine ya Marekani hayakuwa nayo. Wiki ya kwanza ziliuzwa nakala zaidi ya 700,000. Mwaka uliofuata AC/DC nao wakaipeleka Black Ice kwenye duka hilohilo. Watu wakasema, haya, msanii amekuwa huru.

Huru mpaka wapi? Mwaka 1996 Walmart hiyohiyo ilikataa kuuza albamu ya Sheryl Crow, sababu wimbo mmoja ulitaja bunduki za dukani humo na watoto wanaouana. Hawakumfunga mdomo. Hawakumweka kwenye rafu, basi. Na Eagles walipata masharti mazuri kwa vile walifika kaunta na jina la zaidi ya miaka 30, jina ambalo kampuni za rekodi zilisaidia kulijenga. Kijana wa Katwe anayeanza leo hana jina hilo.

Sisi tuliotoka Kongo tunalijua jambo hili bila kufika Marekani. Tuliona Bralima na Bracongo wakigawana wanamuziki wa Kinshasa kama timu za mpira, huyu wa Primus, yule wa Skol. Tumesikia mabanga, majina ya matajiri yakitajwa mpaka wimbo wenyewe unatafuta pa kupumulia. Kanda na CD zilipoacha kulipa, mwenye jina ndiye aliyelipa. Kwa hiyo siulizi tu msanii alipata ngapi. Nauliza pia pesa ile ilifanya nini ndani ya wimbo.

Huku Afrika Mashariki duka kubwa sasa ni simu. Kenya, Safaricom wana Skiza: anayekupigia anasikia kipande cha wimbo ulioulipia. Boomplay nayo ilianza kwa kuwekwa ndani ya simu za Tecno. Kipande hicho ni kifupi, mtu anapokea na wimbo unakatika. Basi mtunzi anayetaka kuuza analeta kiitikio mapema, hadithi inabaki nyuma. Sasa sebene yetu itakaa wapi? Sebene inakuja mwishoni, baada ya maneno kuisha, wakati magitaa yanaanza kuzungumza na watu wanasimama. Kwa duka la simu, sehemu hiyo haina bei. Naogopa wimbo usiokuwa na mahali pa sebene kuliko naogopa dalali.

Halafu kuna karatasi. Kulipwa kwa simu kunataka laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Mkimbizi ambaye karatasi zake hazijatoka anaazima laini ya mtu, na mwenye laini njo mwenye pesa. Hapo "moja kwa moja" imeshapinda.

Njia iliyo fupi kweli naiona kwenye kwaya zetu, zinazouza flashi na CD mlangoni baada ya ibada. Mnunuzi anaonekana uso, bei inasemwa mbele ya watu, na wimbo wa dakika nane unabaki dakika nane. Nisidanganye, mlango wa kanisa nao una masikio yake. Wimbo wa mapenzi haupiti pale, wala wa kumlaumu mchungaji. Ndiyo maana msanii asitegemee mlango mmoja: auze kanisani, kwenye kibanda cha kuweka nyimbo kwenye memori, kwenye harusi, na kwenye simu pia.

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, mkipanga mafunzo mengine ya kuuza muziki mtandaoni, anzeni na laini kwa jina la msanii mwenyewe na mkataba kwa lugha anayoisoma. Mambo ya kutafuta wasikilizaji yafuate baadaye.