Mkono Uliochimba Njia

Tarehe 10 Desemba 1593, kijana Antonio Bosio na mwenzake Pompeo Ugonio walishuka chini ya ardhi kando ya barabara ya Via Ardeatina, nje ya kuta za Roma, wakaingia katika makaburi ya kale ambayo leo tunayaita katakombu ya Domitilla. Bosio, mzaliwa wa Malta, alikuwa bado hajatimiza miaka ishirini. Ugonio alikuwa mtu mzima, mwalimu wa ufasaha katika chuo kikuu cha Roma, na miaka mitano kabla ya hapo alikuwa amechapisha kitabu kuhusu makanisa ya mji huo. Wakaenda, wakapinda, wakaenda tena, kila picha na kila maandishi yakiwavuta mbele. Walipotaka kurudi wakagundua kwamba njia hawaijui, na mishumaa ilikuwa inakwisha. Bosio alikuja kueleza baadaye kwamba kifo chenyewe hakikumtisha peke yake. Aliogopa pia kwamba maiti yake ingeyanajisi makaburi ya mashahidi wa imani.

Walitoka salama. Bosio akarudi tena chini, safari hii na mishumaa ya kutosha, na kwa miaka 36 iliyobaki ya uhai wake hakuiacha kazi hiyo. Alifariki mwaka 1629, na kitabu chake kikubwa, *Roma sotterranea*, kikatoka baada ya kifo chake kwa juhudi za padri Giovanni Severano. Wote waliochunguza katakombu tangu hapo wamesimama juu ya mabega yake, na sifa hiyo anaistahili.

Ila kila ninaposoma habari za siku ile, moyo wangu hauendi kwa hao wawili waliopotea. Unakwenda kwa watu waliokuwa wamekwisha kufa zaidi ya miaka elfu moja kabla yao, watu ambao wangeweza kuwatoa mle kwa kuwashika mkono tu gizani. Nawazungumzia wachimbaji. Kwa Kilatini waliitwa fossores, na sidhani kuna fundi wa zama za kale aliyefanya kazi kubwa kiasi hicho akatajwa kidogo kiasi hicho.

Sheria ya Kirumi ilikataza kuzika ndani ya mji, kwa hiyo makaburi yalipangwa nje, kufuata barabara kuu. Ardhi ya huko ilikuwa ghali na Wakristo walikuwa wanaongezeka, nao walitaka kulala pamoja wakingoja ufufuo. Kilichowaokoa ni jiwe. Chini ya vitongoji vya Roma kuna tufo, jiwe lililotokana na majivu ya volkano za kale za vilima vya Albani. Tufo hukatika kwa sululu bila kumtesa sana mkataji, kisha likishapigwa na hewa huwa gumu na kusimama lenyewe, bila nguzo wala boriti. Mchimbaji alianza na ngazi. Kutoka chini ya ngazi alifungua ushoroba ulionyooka, upana wake kama mita moja, halafu akakata vichochoro vya kukatiza kushoto na kulia. Udongo ulipandishwa juu kwa makapu, mara nyingi kupitia visima vilivyotobolewa hadi juu ya ardhi. Kazi ya udongo ikiisha, visima hivyohivyo vilibaki kuwa njia ya hewa na mwanga.

Mwislamu wa pwani yetu anaujua mwanandani, ule uwazi wa ndani ya kaburi anamolazwa maiti. Kule Roma mwanandani ulikatwa ubavuni mwa ushoroba, mmoja juu ya mwingine, kutoka sakafuni mpaka juu ambako mkono haufiki bila ngazi. Kila mmoja ulikatwa kwa kipimo cha aliyekuwa anakwenda kulala humo. Hapa ndipo ninapoutambua moyo wa fundi. Ukuta wa katakombu haufanani na rafu za ghala. Kuna uwazi mrefu, kuna mfupi, kuna mpana uliochimbwa kwa ajili ya watu wawili, na kuna nafasi ndogo, nyingi mno, za watoto wachanga. Mchimbaji alisimama na kitaa chake cha mafuta, akaambiwa huyu ni mtoto wa miezi michache, naye akakata mahali pa kumtosha mtoto huyo na si zaidi. Jiwe alilibania kwa sababu jiwe ndilo lililomwezesha kumpatia nafasi mtu wa kesho.

Maiti akishalazwa, uwazi ulifungwa kwa vigae au bamba la marumaru na kukandikwa chokaa. Wengi hawakuwa na fedha za kuchongesha jina. Basi kabla chokaa haijakauka walibandika kitu: sarafu, ganda la kombe, kitako cha bilauri chenye picha ya dhahabu, mwanasesere wa mfupa. Mama aliyekuja kumzuru mwanawe, katikati ya maelfu ya makaburi yanayofanana, angempata kwa kugusa tu. Hizo zilikuwa alama za njia, na pengine ndizo ninazozipenda kuliko picha zote za rangi zilizomo mle.

Nafasi ilipokwisha mchimbaji hakuhamia kwingine mara moja. Alishusha sakafu. Alichimba chini zaidi katika ushoroba uleule, akapata ukuta mpya wa kuzikia. Ndiyo maana katika shoroba kama hizo makaburi ya zamani zaidi yako juu na ya karibuni yako chini, kinyume kabisa na utaratibu ambao mwanaakiolojia amezoea kuuona anapofukua mji. Asiyejua hilo atasoma karne mbili za historia kichwa chini miguu juu.

Kanisa la zama zile liliijua thamani ya watu hawa. Mwaka 303, wakati wa mateso ya Kaisari Diokletiano, maofisa walipoingia katika nyumba ya Wakristo huko Cirta, mji ambao leo ni Constantine nchini Algeria, waliandika orodha ya mali na ya waliokuwapo. Baada ya askofu, mapadri, mashemasi na mashemasi wadogo, waliandikwa wachimbaji, tena kwa majina yao. Afrika ndiyo iliyotuachia ushahidi huo ulio wazi kuliko mwingine kwamba mshika sululu alihesabiwa miongoni mwa wahudumu wa kanisa. Huko Roma, katika karne ya 4, maandishi ya makaburini yanawaonyesha wakiuza wenyewe nafasi za kuzikia, huku jina la muuzaji na pengine bei vikichongwa kwenye jiwe.

Na yuko mmoja tunayemjua kwa sura. Katika Domitilla hiyohiyo alizikwa mchimbaji aitwaye Diogenes, na juu ya kaburi lake alichorwa amesimama, sululu begani, taa mkononi, na zana za kazi zimemzunguka, bikari ikiwamo. Bikari hiyo inanigusa sana. Aliyeagiza picha ile alitaka tujue kwamba marehemu alikuwa anapima kabla ya kupiga, na kwamba alibeba kichwani ramani ya mahali ambapo jua halifiki. Mchoro wake ulichapishwa na Marcantonio Boldetti mwaka 1720. Picha yenyewe iliharibika watu walipojaribu kuibandua ukutani waichukue. Hasira yangu juu ya jambo hilo haijapoa.

Kwa nini basi Bosio na Ugonio walipotea mahali palipochimbwa kwa utaratibu namna hii? Sababu mojawapo ni kwamba Domitilla haikuanza kama eneo moja. Yalikuwa maeneo kadhaa ya maziko, kila moja na mlango wake, yaliyorefushwa na wachimbaji wa vizazi mbalimbali mpaka yakagusana na kuunganishwa. Leo shoroba zake zinafika takriban kilomita 17, katika ghorofa kadhaa. Ukivuka mpaka wa eneo moja kuingia jingine bila kutambua, mantiki uliyoizoea inakukimbia: ngazi uliyotarajia haipo na pembe imegeuka. Mchimbaji aliyeunganisha sehemu hizo alijua anavuka nini. Hao wawili hawakujua.

Sababu nyingine ni kubwa zaidi. Katika karne ya 5 watu waliacha kuzikwa chini, na ufundi ukafa pamoja na wenyewe. Katika karne ya 4 bado kulikuwa na shughuli: Papa Damaso alikarabati makaburi ya mashahidi na kuyapamba kwa mashairi yake yaliyochongwa kwa herufi za fundi wa maandishi Filocalus, na Jeromu, akiwa mwanafunzi Roma, alikuwa akishuka na wenzake siku za Jumapili. Uzeeni bado aliikumbuka hali ya giza lile na jinsi mwanga ulivyopenya hapa na pale kutoka juu. Mnamo karne ya 9 Papa Paskali I alikuwa akihamishia masalia ya watakatifu ndani ya mji. Hapakuwa tena na sababu ya kushuka. Visima vya mwanga vikajaa udongo, milango ikafunikwa na mashamba ya mizabibu.

Aliyeirudisha elimu ya kuzisoma njia hizo za chini kwa ukamilifu ni Giovanni Battista de Rossi. Mwaka 1849 alikuta katika shamba la mizabibu kipande cha marumaru chenye sehemu ya mwisho ya jina la Papa Kornelio, shahidi. Alijua kwamba panapozikwa shahidi maarufu, mahujaji wa kale walikuja kwa wingi, na kwa ajili yao mafundi walipanua ngazi, wakatoboa visima vya mwanga, wakaimarisha kuta kwa matofali. Akafuata dalili hizo za kazi ya mikono, na mwaka 1852 akalifikia kaburi lenyewe katika eneo la katakombu ya Kalisti. Ndugu yake, Michele Stefano, aliyekuwa mtaalamu wa miamba, alipima shoroba na kuzichora, akitenganisha kilichochimbwa kwanza na kilichofuata. Kuanzia mwaka 2006 timu kutoka Vienna ikiongozwa na Norbert Zimmermann iliipima Domitilla kwa leza, na sasa mtu anaweza kuzipita shoroba hizo kwenye kompyuta bila hofu ya mshumaa kuzimika.

Naifurahia kazi ya leza. Lakini inapima matokeo, nami namtaka mpigaji. Kwenye tufo kila pigo la sululu limeacha mfereji, na mlalo wa mifereji hiyo humwonyesha mtaalamu upande ambao mchimbaji alitokea alipokuwa anasonga mbele. Ushoroba mzima unaweza kusomwa hivyo. Wageni wanaoshuka Domitilla leo huonyeshwa basilika ya mashahidi Nereo na Akileo na picha zilizobaki za rangi, nao wanatosheka. Ningeomba waongozaji wawasimamishe pia, dakika chache tu, mbele ya kipande cha ukuta kisicho na picha wala jina, taa ishikwe pembeni ili kila mfereji utoe kivuli chake, na wageni waambiwe: aliyekata hapa alikuwa anatoka kule.