Jongoo wa Bamburi na Makorongo ya Rhotia

Apandaye kutoka Mto wa Mbu kuelekea Karatu, akishafika Rhotia, huona mashamba ya mahindi na mbaazi yametandazwa juu ya udongo mwekundu wenye rutuba, na katikati yake makorongo yaliyochimbwa na maji ya masika. Na kando ya barabara hiyo iendayo Ngorongoro huona hoteli za wageni, ambazo kila moja yataka bustani. Kijana wa hapa atafutaye riziki katika usanifu wa mandhari amezaliwa, basi, ndani ya madrasa yake. Swali ni aanze wapi, na jawabu lililo dhahiri zaidi lilipatikana mbali, katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa.

René Haller, Mswisi aliyesomea ufundi wa bustani na kilimo cha nchi za joto, alianza kazi kiwandani hapo mwaka 1959, na mwaka 1971 akashika kazi ya kuyafufua machimbo yenyewe: uwanda wa matumbawe uliochongwa hadi karibu na maji ya chumvi, usio na udongo wala kivuli. Hakutanguliza ramani ya bustani, bali aliijaribu ardhi: alipanda aina 26 za miti, na baada ya miezi sita zikasalia tatu tu, miongoni mwazo mnazi na mvinje. Mvinje ulistahimili chumvi, na vijidudu vilivyomo mizizini mwake huinasa naitrojeni ya hewani. Lakini majani yake, kwa wingi wa tanini, yalilala chini makavu bila kuoza, na pasipo kuoza hapana udongo. Ndipo Haller alipomwona jongoo akiyatafuna. Jongoo wakaletwa kwa mamia, na kinyesi chao kikawa tabaka la kwanza la mboji, lililofuatwa na miti mingine, nyasi, ndege na wanyama wa mahali ambapo leo panaitwa Haller Park.

Ufundi wake, tukiuchambua, haukuwa katika mvinje wala jongoo, bali katika taratibu ya maswali: kwanza ni nini kilichokosekana, kisha ni kiumbe gani awezaye kukileta. Atakayeihamishia mivinje Rhotia atakuwa amechukua jawabu akaliacha swali. Maana Bamburi ilikosa udongo, ilhali Rhotia udongo upo tele, ila hautulii.

Hapa kazi huanza na fito tatu zilizofungwa kwa umbo la herufi A, na jiwe lililoning'inizwa kwa uzi kutoka kileleni: fundi huzitembeza kukata mteremko, na kila uzi utuliapo juu ya alama ya katikati ya ufito mlalo hupigilia kigingi, hata vigingi vikachora mstari wa usawa, ambapo huchimbwa kinga maji na kupandwa majani ya kuushika udongo. Ndipo ifuate bustani, na miti ya kienyeji kama mringaringa. Wala isiingizwe lantana kwa uzuri wa maua yake, kwani ndege huzibeba mbegu zake, na mpaka wa hifadhi ya Ngorongoro hauwazuii ndege.

Taaluma yenyewe hufundishwa Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, na ile ya miti katika Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha; kadhalika Wairaqw wa nyanda za Mbulu, ambao tangu kale hufuga ng'ombe nyumbani na kurudisha samadi shambani, ni walimu wasiodai karo. Amma mtihani wa mwisho huletwa na masika: mwenye hoteli atasimama chini ya bustani yake na kutazama maji yatokayo, kama ni mekundu au ni maangavu.